Mguu wa Mshukiwa

Gogo lilipoporomoka halikutoa kelele ya kutisha. Mashine ilikuwa inaunguruma, milango ya kiwanda imefungwa kwa ndani, na vumbi la mbao limetanda kiasi kwamba mtu wa hatua tano humwoni uso. Mama Maranda alikuwa kwenye kona yake, anashindilia maranda kwenye gunia kwa mguu. Alichosikia ni mumewe akisema, "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Kisha mashine ikazimwa, na kiwanda kizima kikaanza kukohoa.

Hiyo ilikuwa kawaida yao. Mashine ikipiga kelele hakuna anayejisikia. Ikizimwa, kila kifua kinadai haki yake. Kikohozi hicho walikiita posho, kwa sababu tajiri alikitoa kila siku bila kukosa. Asiyekohoa alitaniwa kuwa ni mgeni, mbao bado hazijamjua.

Mumewe jina lake la kazini lilikuwa Taratibu. Miaka kumi na minane alisukuma magogo kwenye msumeno, na vidole vyake vyote kumi alikuwa navyo, jambo ambalo pale kiwandani lilihesabiwa kama cheti. Wenzake walisema hata akiitwa kula ataangalia kwanza kulia na kushoto. Siku ile hakukosea yeye. Magogo yalikuwa yamepangwa na watu wawili mahali panapotaka wanne, maana serikali ilipotoa amri ya kufunga viwanda kwa ajili ya korona, tajiri aliirudisha nyumbani nusu ya wafanyakazi na kuona kwamba nusu iliyobaki inatosha kufanya kazi ya wote, mradi milango ifungwe na watu waingie kwa kupishana.

Gogo lilimpata chini ya goti. Mfupa ulikuwa umetoboa suruali, na damu ilikuwa inaruka, inatulia, inaruka tena.

Kwa ajali kama hizo walikuwa na desturi yao, ambayo hawakufundishwa na mtu bali na misumeno: funga, andika, kimbia. Vipande vya mpira wa tairi vya kufungia mbao vilining'inia ukutani. Mama Maranda akachomoa kimoja, akamfunga mumewe juu ya goti, akapitisha kijiti cha mbao na kukizungusha mpaka damu ikakatika. Msimamizi akachukua chaki nyekundu ya kuandikia vipimo, akaandika pajani: saa nne na robo. Watu watano kabla ya Taratibu walikuwa wamekimbizwa hospitali hivyo hivyo, na wote walirudi na viungo vyao. Sheria yake kila mmoja aliijua. Mpira anaufungua daktari, na anaufungua kabla ya saa mbili kwisha. Zikipita, kilicho chini ya mpira kinageuka nyama ya bucha.

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni na barakoa mbili, moja juu ya nyingine.

"Mchukueni na pikapu," alisema. "Lakini nisikilize, mama. Ukifika huko useme mlikuwa mnapasua kuni nyumbani. Ukitaja kiwanda watakuja kukifunga, na hawa wote unaowaona watoto wao watalala njaa kwa ajili ya mdomo wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, tajiri."

"Mimi si mtu mbaya. Nitawaangalia."

Walimlaza juu ya magunia ya maranda. Njiani Taratibu alikuwa amemshika mkewe mkono na kumwambia dereva apunguze mwendo kwenye matuta, asije akaua mtu. Dereva aliwashusha nje ya geti la hospitali, akamsaidia mlinzi kumweka majeruhi kwenye machela, kisha akarudi haraka nyuma ya usukani.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nimeambiwa nisizime injini."

Ilikuwa saa tano kasoro. Mama Maranda akashusha pumzi, maana muda walikuwa nao tele.

Hospitali ile aliijua. Kushoto ukiingia palikuwa na chumba cha majeruhi, na ndani yake daktari wa mifupa, mtu mzima mwenye mikono minene, aliyezoea kuwapokea watu wa mbao kwa utani: "Leo mmeniletea mti gani, mgumu au laini?" Akisema hivyo mkasi ulikuwa tayari mkononi. Sasa madirisha ya chumba kile yalikuwa yamezibwa kwa plastiki, mlangoni pamebandikwa karatasi ya kukataza watu kuingia. Kimekuwa wodi ya korona. Na daktari wa mifupa alikuwa humo humo, siku ya tisa, anapumua kwa mtungi.

Nje, mbele ya hema mbili nyeupe, ilifungwa kamba. Nyuma ya kamba palikuwa na meza, na nyuma ya meza nesi mwenye barakoa ya kitambaa na aproni ya plastiki, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Usisogee, mama. Simama hapo hapo. Ameumia wapi?"

"Nyumbani, dada. Tulikuwa tunapasua kuni, gogo likamwangukia."

Uongo ukatoka bila kukwama, hata mwenyewe akashangaa.

"Ana homa?"

"Hana."

"Anakohoa?"

Ukutani nyuma ya nesi palikuwa na bango la picha ya mtu aliyelala kitandani, limeandikwa kwa herufi kubwa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Mama Maranda alilisoma. Alikuwa ameshamdanganya binti wa watu mara moja, hakutaka kumdanganya mara mbili. Tena juu ya ugonjwa, ambao hauna mwenyewe.

"Anakohoa," alisema. "Siku zote anakohoa."

"Kikavu au kina makohozi?"

"Kikavu."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Kukieleza kile kikohozi kulihitaji vumbi, na vumbi lilihitaji kiwanda. "Ni siku nyingi kidogo."

Kalamu ya nesi ikasimama. Akasogeza kiti chake nyuma.

"Mshukiwa," alimwambia mlinzi. "Hema la pili."

Mtu mwenye bomba la dawa mgongoni akaja, akampulizia Taratibu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Taratibu akafumba macho, akakohoa. Chaki ikayeyuka pajani, ikatiririka nyekundu mpaka kwenye machela. Kisha wakamsukuma hemani, wakalishusha pazia.

Mama Maranda akabaki kwenye kamba. Saa tano na nusu ikafika, hakuna aliyeingia hemani. Saa sita kasoro robo akaja daktari kijana, mwembamba, koti limempwaya, ndiye peke yake aliyekuwa amebaki wa kushona watu. Akasimama mbali na hema, akalichungulia kama mtu anayechungulia kisima.

"Amefungwa saa ngapi?"

"Saa nne na robo, mwanangu. Zimebaki dakika thelathini. Ingia umfungue."

Daktari hakuingia. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake.

"Mama, ngoja nikueleze. Mavazi ya kinga yapo manne tu, kabatini. Yanatolewa kwa jina la mgonjwa aliyethibitishwa. Mumeo angekuwa na korona, ningevaa sasa hivi niingie. Angekuwa hana, ningeingia hivi hivi na glavu zangu. Lakini hajulikani. Mtu asiyejulikana hana fungu."

"Si uchukue tu, uandike umechukua?"

"Aliyechukua mwezi uliopita amehamishwa. Na aliyeingia bila kuvaa yuko mle." Akaonyesha kwa kidevu madirisha yaliyozibwa.

"Sasa hilo jibu linatoka lini?"

"Kipimo chake anajichukulia mwenyewe sasa hivi, mlinzi amempitishia kijiti chini ya pazia. Kinapelekwa maabara kuu. Gari linaondoka kisanduku kikijaa."

"Kinajaa kwa vingapi?"

"Ishirini. Na cha mumeo vimefika kumi na tatu."

Mama Maranda akageuka, akaitazama foleni ya getini, akitafuta watu saba wanaokohoa. Palikuwa na bibi mmoja mwenye kanga usoni, na baba aliyebeba mtoto. Alimtazama yule mtoto kwa tamaa, mpaka akaona haya, akainamisha macho.

Alirudi kwa nesi.

"Dada, nisamehe, nilikudanganya. Hakuumia nyumbani. Ameumia kiwanda cha mbao, na mimi niko huko huko. Sote tunakohoa, ni vumbi. Hata mimi. Huu si ugonjwa, ni kazi."

"Viwanda vimefungwa, mama."

"Cha kwetu hakijafungwa."

Nesi aliinua macho. Hakuwa na ukali usoni, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Mama Maranda.

"Unajua wangapi wamebadilisha maneno wakiliona hili hema?" aliuliza. "Kikohozi kinakuwa cha moshi, cha pilipili, cha mafua ya mtoto. Mwenzangu tuliyesoma naye alimwamini mmoja. Tumemzika Jumanne, hata mama yake hakumwona. Niletee mwajiri athibitishe, nitaandika upya fomu. Kwa maneno yako tu siwezi."

Mama Maranda akampigia msimamizi simu. Msimamizi akasema subiri, simu ikapita mikono, na sauti ya tajiri ikaja juu ya mngurumo wa mashine. Walikuwa wameshaanza tena kazi.

"Tajiri, ni mimi. Wanataka neno lako moja tu, kwamba ni mtu wako wa mbao. Muda unaisha."

"Wewe ni nani?"

"Mimi, tajiri. Mama Maranda. Mke wa Taratibu."

"Mama, umekosea namba. Kiwanda changu kimefungwa tangu siku ya amri."

Nesi alikuwa anasikia kila neno, maana simu ile sauti yake haikupungua. Mashine nayo aliisikia. Akavuta fomu ya mtu aliyefuata.

Saa sita na robo ikafika, ikapita. Haikuwa na tofauti na dakika nyingine yoyote.

Hema lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye kamba. Alizihesabu kwa macho mara nyingi. Ndani yake Taratibu alikuwa peke yake, na sauti yake ilipita kwenye turubai bila shida.

"Mama watoto! Saa ngapi?"

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

"Saa sita bado," alijibu.

"Basi muda upo."

"Upo, baba. Daktari anavaa."

Baada ya kitambo akaita tena. "Mke wangu, wamesema kila mtu akae mita mbili na mwenzake, sasa hata mguu wangu umetii. Siusikii kabisa."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mama Maranda alicheka pia, kwa nguvu, ili amsikie. Machozi yalikuwa yanamlowanisha barakoa, ikamganda puani, akashindwa hata kupumua vizuri.

Akaiinua kamba. Mlinzi akawahi, akanyoosha fimbo mbele yake bila kumgusa.

"Mama, ukivuka hapo hutoki siku kumi na nne. Si maneno yangu, ni utaratibu."

"Namfungulia mpira tu, kaka yangu. Nikaze tena. Nimeufunga mimi."

"Usimfungue!" nesi alipiga kelele kutoka mezani. "Ukilegeza sasa atamwaga damu yote, na hemani hakuna wa kumziba. Mwache hivyo hivyo."

Kumbe mpira ukibaki mguu unakufa, na ukilegezwa mtu anakufa, na yeye ndiye aliyeukaza kwa mikono yake akijisifu moyoni kwamba umekaza vizuri. Nyumbani watoto watatu walikuwa wameachwa kwa jirani aliyeambiwa ni kwa asubuhi moja. Siku kumi na nne jirani angewaweka wapi? Akaishusha kamba. Miaka yote baadaye, hakuna ambacho angejilaumu kwacho zaidi ya kuishusha kamba ile. Lakini pia hakuona angefanya nini kingine.

Saa nane alimwambia mumewe ni saa saba kasoro. Saa tisa hakuulizwa.

Saa kumi na moja jioni gari la vipimo likaondoka. Kisanduku kilikuwa na vipimo kumi na sita. Dereva alisema hawezi kusubiri vijae, amri ya kutotoka nje ingemkuta njiani. Mama Maranda alisimama kando ya geti akilitazama likipita. Kama lingeweza kuondoka na kumi na sita, lingeweza kuondoka na kumi na tatu. Hakuwa na wa kumwambia hesabu hiyo, na mlinzi alikuwa anamhimiza arudi kwake kabla askari hawajapita.

Asubuhi alirudi mara geti lilipofunguliwa. Daktari kijana alikuwa mbele ya hema. Alivaa koti la mvua la njano, lenye kofia, la wapanda pikipiki. Miguuni alifunga mifuko ya takataka kwa kamba, na machoni alikuwa na miwani mikubwa ya fundi wa kuchomelea vyuma.

"Mama," alisema, "mguu umekufa. Sumu inapanda. Naukata sasa hivi, humo humo hemani. Nisipoukata tunampoteza leo."

"Jibu limekuja?"

"Bado."

"Sasa unaingiaje bila vazi?"

"Nimenunua hili koti dukani, nilipopita asubuhi."

Mama Maranda aliliangalia koti lile. Bado lilikuwa na mikunjo ya paketi.

"Jana dukani halikuwepo?"

Nyuma ya miwani macho yake hayakuonekana vizuri. Alisukuma fomu ya ridhaa kwa fimbo ya mlinzi, pamoja na kidau cha wino, maana kalamu hazikuruhusiwa kupokezanwa, akangoja. Mama Maranda alichovya kidole, akaweka alama mahali alipoonyeshwa. Kijana akaiokota ile karatasi, akaibana kwapani, akaingia.

Mashine ya dawa ya usingizi ilikuwa kwenye chumba cha upasuaji, na mshukiwa haruhusiwi chumba cha upasuaji. Walimpa walichokuwa nacho. Mama Maranda aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akakaa chini kwenye changarawe, na bado alisikia. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuza nyuso zao upande wa barabara.

Daktari alipotoka alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akavua kofia ya koti, jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Yuko hai," alisema. "Homa ni kali. Tungoje."

Saa nne nesi akaja kwenye kamba, safari hii akiwa na sauti ya upole.

"Mama, kuna jambo la mguu. Tanuri la kuchomea limeharibika, na kiungo cha mshukiwa hakipewi ndugu. Unazikwa na timu ya mazishi. Nimeshawapigia, na nimewaambia bado hajathibitishwa."

"Wakasemaje?"

Nesi akatazama pembeni. "Wamesema mshukiwa anatosha."

Walifika baada ya nusu saa, kwa gari jeupe lililooshwa. Waliteremka wanne. Kila mmoja alikuwa amevaa vazi la kinga kamili, jeupe, jipya, lenye kofia na zipu mpaka shingoni, glavu mbili mbili, buti za bluu, kioo mbele ya uso. Daktari kijana alikuwa bado ameketi juu ya ndoo. Aliwatazama wakipita mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama koti lake la mvua.

Mfuko wao ulikuwa wa mtu mzima, urefu wa mtu mzima, maana vifuko vidogo hawakuwa navyo. Mguu ulikuwa upande mmoja, sehemu nyingine yote imekunjamana tupu. Waliubeba wanne kwa pembe nne, wakaupeleka nyuma ya hospitali kwenye shimo lililochimbwa tayari. Wakalipulizia dawa shimo, wakaupulizia mfuko, wakafukia, wakapulizia udongo. Mama Maranda aliruhusiwa kusimama chini ya ukuta, mbali.

Walipomaliza wakavua. Walifanya hivyo kwa ustadi, bila kugusa upande wa nje, wakayakunja mavazi yale manne na kuyatumbukiza kwenye pipa, wakamimina mafuta ya taa. Utaratibu ulikuwa huo, kwamba yanavaliwa mara moja tu. Yaliwaka haraka, kwa moshi mweusi.

"Kaka," Mama Maranda aliita, na kiongozi wao akageuka, sasa akiwa na fulana na kandambili kama mtu yeyote. "Hizo nguo mmezitoa wapi?"

"Stoo ya mazishi, mama."

"Hospitali hakuna."

"Ile ni stoo nyingine. Yetu haijawahi kuisha." Alisema kwa kumfariji, kama anayempa habari njema. "Tunaomba sahihi ya ndugu, halafu tunawaacha. Jina la marehemu?"

"Si marehemu. Ni mguu. Mwenyewe yuko hemani."

Kiongozi akaigeuza fomu, akaangalia upande wa nyuma, akaigeuza tena. "Hapa pana nafasi ya marehemu tu, mama. Bila jina siwezi kuirudisha ofisini."

Akalitaja jina la mumewe, lote, jina lake na la baba yake. Yule mtu akaandika kwa mwandiko mzuri, akajaza tarehe ya siku ile, akaweka fomu chini na kuizuia kwa jiwe, akarudi nyuma hatua mbili ili Mama Maranda aje aweke kidole.

Kidole chake bado kilikuwa na wino wa asubuhi. Hemani Taratibu alikuwa ameamka, na alikuwa anaomba maji.